Sultani Asiyepatwa na Pigo

Wamesimulia waliotutangulia, na ukweli uliotimia uko kwa Mola peke yake, kwamba katika mji wa Zingwani, uliokaa baina ya milima miwili ya chokaa na kuzungukwa na ukuta ambao kila mtawala aliurefusha pale ambapo haukuwa na haja ya kurefushwa, alitawala Sultani Haidari bin Shaame, mtu mpole wa tabia na mzuri wa sauti, na mcheza bakora ambaye tangu kuketi kitini hajapata kuguswa na fimbo ya mwanadamu. Hili la mwisho lilijulikana na kila mtu mjini, kwa kuwa lilitangazwa kila mwaka kwa baragumu.

Na bakora katika Zingwani haukuwa mchezo wa kupotezea jioni, bali ulikuwa msingi wa dola. Wachezaji wawili huingia uwanjani na fimbo zao, ngoma ikapigwa na zumari ikalia, na mwamuzi hakuna. Aliyepigwa ndiye husema mwenyewe, kwa sauti ya kusikika, "Limenipata," kisha akainamisha fimbo yake, na asiyesema hufukuzwa uwanjani na wazee hawamwozi mke. Na mara moja kila mwaka, Siku ya Uwanja, sultani mwenyewe huvua joho na kucheza na raia yeyote atakayejitokeza, na atakayempata kwa fimbo ana haki ya kumwambia neno moja la kweli, naye hana budi kulisikiliza hadi mwisho wake. Hivyo ndivyo masultani wa kale walivyojua kwamba kisima cha sokoni kimeoza, au kwamba kadhi anakula rushwa, au kwamba mashairi yao hayapendwi na mtu.

Lakini makosa ya watu wa Zingwani yalikuwa makosa ya watu wenye adabu kupita kiasi. Waziri mmoja wa zamani aliona haipendezi sultani ajitangazie pigo kwa kinywa chake, kama vile haipendezi ajipakulie wali kwa mkono wake, na kwa hiyo kikaundwa cheo cha Mnadi wa Mapigo, chenye kilemba cha manjano, kiti cha mvule kando ya uwanja, naibu, na naibu wa naibu. Mnadi wa kwanza alitangaza pigo moja, na wiki ile ile akahamishiwa mpakani kulinda punda. Mnadi wa pili aliyafikiri mambo ya punda, na fimbo ilipotua mgongoni mwa sultani akasimama akanadi, "Limepita!" na watu wakapiga makofi. Na tangu siku hiyo mapigo yote yakawa yanapita.

Basi Sultani Haidari alikulia ndani ya makofi hayo. Fimbo ilimgusa ubavuni, na sikio likamwambia limepita. Na mtu akipewa habari mbili, moja na ubavu na nyingine na sikio, na ile ya sikio ikapigiwa makofi, huuona ubavu kuwa ndio mwongo. Tena maumivu yenyewe yalikuwa ya ajabu, yalimjia kama mgeni aliyekosea nyumba, yakachungulia, yakaondoka.

Na huyu Sultani alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwana Raya, ambaye mama yake alifariki siku ya kumzaa, na alimpenda mapenzi ambayo hayakumwachia nafasi ya kupenda kitu kingine ila bakora. Na kila Siku ya Uwanja, tangu utoto wake, binti huyo aliugua. Alama nyeusi zilimtoka mwilini, mara mkononi, mara pajani, mara mbavuni, na nyingine hazikufutika hadi mwaka uliofuata. Baraza la Matabibu lilikutana, likala chakula cha mchana, likaamua kwamba ni mbu. Mwaka ilipotokea alama yenye urefu wa mkono mzima, Baraza lilikutana tena, na baada ya mjadala mkali likaamua kwamba ni mbu mkubwa.

Ikawa mwaka mmoja, Mwana Raya amefika umri wa kuposwa na wala hawezi kuketi bila kushikwa, Sultani akatoka uwanjani na maua shingoni, akaenda moja kwa moja chumbani kwa bintiye, akamkuta yaya wake, Bi Masika, amesimama mlangoni kama mtu anayezuia mbuzi.

"Hali yake vipi?" akauliza Sultani.

"Limepita, Maulana," akasema Bi Masika.

"Unasema nini wewe?"

"Nasema kama wasemavyo huko nje. Njoo uone lilipopitia."

Akamfunua binti bega, na mtulinga ulikuwa umevunjika, na ngozi juu yake imekuwa nyeusi, na weusi ule una umbo la fimbo.

"Nani amempiga?" akanguruma Sultani. "Nitajie jina lake!"

"Hakuna mtu, Maulana. Nilikuwa nimemshika mkono. Ngoma imelia huko, watu wakapiga makofi, na mfupa ukavunjika mbele ya macho yangu, na humu ndani tulikuwa sisi wawili na paka. Paka simtuhumu."

Mwana Raya akafumbua macho. "Baba," akasema, "leo wamekupata begani?"

Sultani akagusa bega lake, na halikumuuma hata kidogo, na akaikumbuka fimbo ya mtengeneza ngozi mmoja ikitua pale pale, na ukelele wa Mnadi, na tabasamu alilowapa watu. Akaenda akaivunja fimbo yake ukutani vipande vipande, na asipate nafuu, na akashuka hazinani kutafuta nyingine ya kuvunja, na pembeni kabisa, nyuma ya viti vya enzi vilivyokuwa na kunguni, akaiona fimbo nyeusi ya mpingo ya babu yake.

"Hiyo haitoki bila idhini ya Sultani," akasema mtunza hazina, bila kuinua uso.

"Mimi ndiye Sultani."

Mtunza hazina akainua uso, akasujudu, akasema, "Ni kweli, Maulana. Lakini idhini yako huwa inaletwa na mtu mwingine."

Sultani akaichukua kwa nguvu, na vumbi lake likapanda kama moshi wa tanuri, na moshi ukapata mabega, na mabega yakapata kichwa, na kichwa kikagonga dari. Na mtunza hazina akatoka mbio, akawaambia wenzake kwamba idhini imefika. Akasimama mbele ya Sultani jini mwenye ndevu za kijivu na macho kama makaa yaliyopuliziwa, ameinama shingo kwa sababu ya ufupi wa chumba, akasema:

"Mimi ni Dahmashi, niliyefungwa katika fimbo hii niwe mwalimu wa nyumba yenu, na tangu babu yako afe sijapata mwanafunzi. Kila niliyemngoja aliambiwa kwamba amehitimu."

Sultani akamweleza habari ya binti yake, huku akilia, na jini akamsikiliza kama mtu anayesikiliza hadithi aliyoitunga mwenyewe.

"Sikia, ewe Haidari. Babu yako aliniomba niwafanyie wanawe hirizi, kwamba pigo wasilolikubali lisiwaume. Nikamwambia, fimbo ikishatua, maumivu hayarudi yalikotoka. Lazima yamfikie mtu. Akasema, na yamfikie mtu mwingine. Nikamuuliza, nani? Akanicheka. Alidhani yatamwangukia askari, au mpishi. Hakuuliza, nami sikuulizwa. Yanamwangukia yule aliye karibu zaidi na moyo wako."

"Basi nafuta mchezo! Sitashika fimbo tena."

"Ukiufuta, hayo yaliyokwisha kumwingia yatamla polepole, na Siku ya Uwanja ijayo hataiona. Dawa ni moja. Nitakurudishia mapigo yote ya enzi yako, moja moja, mbele ya watu wale wale waliosikia kwamba yamepita, na kila moja utalikubali kwa kinywa chako kabla ngoma haijapiga tena. Utakalolikubali litamtoka yeye likuingie wewe. Utakalolinyamazia litabaki kwake, na safari hii halitatoka."

"Nipige sasa hivi."

"Sasa hivi huwezi. Hujui hata kuanguka."

Na hapo ndipo Sultani wa Zingwani, bingwa asiyeguswa, alipoanza masomo yake katika bustani ya kasri, kila asubuhi baada ya sala, na watumishi wakageuzia nyuso zao ukutani kwa amri.

"Anguka," akasema Dahmashi.

"Mimi ni Sultani."

"Basi utaanguka kutoka juu zaidi. Anza mapema."

Akaanguka kama kabati. Jini akamfundisha kuanguka kwa bega na kuviringika, na kutoa pumzi wakati wa kugusa ardhi badala ya kuizuia. Akamfundisha kulegeza vidole, akisema, "Umeibana fimbo kama unayeogopa kuporwa, ndiyo maana husikii mwenzako anakwenda wapi". Akamfundisha kumtazama mpinzani kifuani na si kuwatazama watazamaji, na hilo likamshinda Sultani kuliko yote, kwa kuwa maisha yake yote hakuwa amecheza na mpinzani, alikuwa amecheza na watazamaji.

Kisha jini akamwambia, "Sasa kacheze barazani. Lawama ni fimbo ya watoto. Ulimi wako ujizoeze nayo."

Siku hiyo akaja barazani mfinyanzi mmoja, mwanamke mnene mwenye udongo kwenye kucha, akasema: "Maulana, ukuta wako mpya umeziba njia ya tanuri langu. Mwaka juzi nilikuja, ukaniambia utaliangalia. Nimekaa nangoja macho yako."

Waziri Sinani, aliyekuwa na jibu tayari kwa kila jambo na jambo tayari kwa kila jibu, akafungua kinywa, lakini Sultani akamtangulia. Uso wake ulikuwa mwekundu na jasho linamtoka.

"Limenipata," akasema. "Nilisahau."

Wazee wa baraza wakageuka wote kumtazama Waziri.

"Maulana anakusudia kusema," akasema Waziri, "kwamba shauri limepokelewa."

"Nakusudia kusema nilisahau."

"Andika," Waziri akamwambia karani kwa sauti ya chini, "Maulana amependezwa kusahau."

Mfinyanzi akawatazama wote kwa zamu. "Kama ni kusahau tu, hata mimi husahau. Mngesema tangu mwaka juzi. Nifungulieni njia yangu, niende zangu."

Ikafunguliwa siku hiyo hiyo, na Sultani akatoka barazani na miguu myepesi kama mtu aliyeshushwa mzigo, akaenda mbio hadi kitandani kwa bintiye, akamkuta kama alivyomwacha, anapumua kwa shida, na alama zimezidi kuwa nyeusi. Wepesi wote ukamtoka.

"Leo nimesema, mwanangu. Mbele ya watu."

"Nimesikia, Baba. Bi Masika ameniambia. Alicheka hata akakaa chini." Akavuta pumzi. "Baba, nikifa usikubali waandike mbu."

Miezi ikapita hivyo, Sultani akipata ujuzi na binti akipungua, kama watu wawili wanaogawana shuka moja, na kila alichojifunza kilimwonyesha zaidi jinsi alivyokuwa na wakati mwingi wa kukijifunza zamani. Akajua sasa kuwaheshimu waliomsahihisha, na akajua kuiachia hoja mbovu kabla haijavunjika mkononi, na watu wa sokoni wakaanza kusema kwamba Sultani ana homa ya aina nzuri. Lakini usiku hakuomba ila jambo moja.

Siku ya Uwanja ilipofika, Mwana Raya akaletwa kwa machela hadi ukingoni, na Bi Masika akaketi kando yake. Sultani alikuwa ametaka kiti cha Mnadi kiondolewe, lakini Waziri Sinani akamweleza kwa heshima kubwa kwamba kiti kile kimo katika sheria, na kukiondoa kunahitaji baraza, na baraza linahitaji Mnadi wa kutangaza kikao chake. Na Sultani hakutaka ugomvi asubuhi ile, akaona ni jambo dogo. Mnadi wa zama hizo alikuwa Bwana Tamimu, mtu mwema, mtoto wa Mnadi na mjukuu wa Mnadi, na aliapa mbele ya Sultani kwamba hatatoa sauti.

"Nitauma ulimi, Maulana," akasema, na macho yake yalikuwa na machozi, kwa kuwa yeye pia alikuwa na mabinti.

Ngoma ikalia. Dahmashi akasimama katikati ya uwanja, kivuli chake kikafika hadi msikitini, na akapiga. Pigo la kwanza lilikuwa la bega, na Sultani akapiga goti na kusema kwa sauti kubwa, "Limenipata!" na watu wakashtuka kwa neno hilo kuliko walivyomshtukia jini.

"Limetoka!" akapiga kelele Bi Masika. "Bega limekuwa jeupe, Maulana! Mfupa umerudi!"

Pigo la mbavu likaja, na la paja, na la kiwiko, na la mgongo, na kila moja Sultani aliliita kwa jina lake, na kila mara Bi Masika alijibu, "Limetoka!" mpaka wanawake wa mji wakaanza kumsaidia kujibu. Akaanguka kama alivyofundishwa na kuinuka kama alivyofundishwa, damu ikamtiririka, na alikuwa na furaha ambayo hajapata kuijua, kwa sababu kwa jicho la pembeni alimwona bintiye anaketi, kisha anashusha miguu, kisha anasimama peke yake juu ya ardhi.

Dahmashi akashusha fimbo. "Limebaki moja," akasema, "nalo ndilo la kwanza. Siku ya kutawazwa kwako, mwashi mmoja alikupata katikati ya macho, na Mnadi akasema limepita. Mwana Raya alikuwa hajazaliwa, kwa hiyo halikuwa na pa kuangukia, na tangu siku hiyo linamngoja hewani. Likubali, tumalize."

Na Sultani akaikumbuka siku ile, jua lake na ngoma zake, na msichana mmoja aliyekuwa dirishani akipiga makofi kuliko wote, ambaye jioni yake alimwambia baba yake kwamba hatamtaka mume mwingine ila yule asiyepatwa. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mama yake Mwana Raya.

Fimbo ikashuka. Sultani akaanguka vizuri, kwa bega, akitoa pumzi, na alipokuwa bado amelala kifudifudi, vumbi limemjaa kinywani na neno liko njiani, Bwana Tamimu, ambaye alikuwa ameuma ulimi hata kidevu chake kimejaa damu, alimwona bwana wake ameanguka, na babu yake na baba yake wakasimama ndani ya miguu yake, akaruka kutoka kitini, akanadi:

"Limepita!"

Na watu, Mola awasamehe, wakapiga makofi.

Sultani akayasikia makofi hayo. Akanyamaza. Alinyamaza muda wa pumzi moja tu, si zaidi. Na ngoma ikapiga. Kisha akapiga ukelele, "Limenipata! Limenipata!" na akarudia mpaka sauti ikamkauka, lakini Bi Masika hakujibu, na alipogeuka alimwona bintiye amesimama wima, mzima wa mifupa na mwenye rangi nzuri ya uso, anapapasa hewa mbele yake kwa mikono miwili.

"Limegawanyika," akasema Dahmashi. "Wewe umepata kovu, yeye amepoteza macho."

"Nipige tena! Nipe na nusu yake!"

"Sina jingine. Yamekwisha yote, na mkataba wangu umekwisha nayo." Akaitazama fimbo mkononi mwake, ikawa unga. "Umehitimu, ewe Haidari," akasema, wala hakusema kwa dhihaka, akaondoka kama moshi uondokavyo.

Waziri Sinani akashauri Mnadi akatwe kichwa, kisha akauliza ni nani atakayelitangaza jambo hilo. Sultani akakataa. "Amefanya kazi tuliyomwajiri," akasema. Na Bwana Tamimu akapewa kiinua mgongo, akanunua shamba la minazi, akaozesha mabinti zake wote kwa watu wenye vyeo, na inasemekana hakuzungumza tena na mtu mpaka kufa kwake.

Baada ya majuma kadhaa, Mwana Raya akamwita babake barazani kwake.

"Baba, nataka kukuuliza, nawe unijibu kama ulivyofundishwa. Yule alipotangaza kwamba limepita, wewe ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Ukajua kwamba si kweli?"

"Nilijua."

"Kwa nini ulinyamaza?"

Sultani akagusa kovu lililokuwa likimpwita katikati ya macho. "Ilikuwa tamu, mwanangu," akasema.

Mwana Raya akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Ahsante," akasema. "Sasa niozeshe mbali."

Na mwana wa mfalme wa Marekano, jina lake Sefu, aliyekuwa amemposa tangu zamani na kuambiwa kila mara kwamba posa yake inashughulikiwa, akaitwa, akaja na msafara wa ngamia na manukato. Mwana Raya akaomba azungumze naye kwa pazia.

"Wewe hucheza bakora?"

"Sijui hata kuishika fimbo, bibi. Kwetu tunafuga nyuki."

"Na ukikosea, husemaje?"

"Husema nimekosea."

"Kwa kinywa chako?"

Sefu akacheka kwa kutoelewa. "Kwani kwa cha nani?"

"Nimekubali," akasema Mwana Raya.

Ikafanywa harusi ambayo mfano wake haukupata kuonekana Zingwani, vyakula vikaliwa mpaka mbwa wakachoka, na Sultani akampa bintiye nusu ya hazina na vitu vyote vya mama yake. Siku ya safari Mwana Raya alimpa babake mkono, akamwombea heri kwa maneno mazuri, kama mgeni anavyomuaga mwenyeji wa nyumba aliyolala njiani, akapanda ngamia wake, na uso wake ulikuwa umeelekea mbele.

Sultani Haidari akatawala miaka mingi baada ya hapo, na hakutokea Zingwani mtawala mwadilifu kama yeye. Visima vikasafishwa, ukuta ukabomolewa mahali ulipozuia watu, na mtu yeyote aliweza kumwendea na kumwambia kosa lake, naye akalikubali pale pale, hata wageni wakaja kutoka nchi za mbali kujifunza kwake namna ya kuongoza watu, na walipomsifu aliwaomba wabadilishe mazungumzo. Kila mwaka alipeleka zawadi Marekano, na kila mwaka zilirudi shukurani zilizoandikwa na mtu mwingine, za adabu kamili.

Na funzo lake, kwa wanaodai funzo: jizoeze kupigwa wakati fimbo ni nyepesi na walio nyuma yako ni wazima, kwa sababu ujuzi huo ukija baadaye huja wote, haupungui kitu, ila hauna tena wa kumfaa. Hayo ndiyo yaliyonifikia, nami nimeyafikisha. Aliyeyaona marefu ayapunguze anapoyasimulia kwake, na aliyeyaona machungu ajue kwamba ndivyo nilivyoyapokea.